Simba wa Kwetu Kwenye Lango la Jahanamu

Bango la langoni lilisema Elsa Gate, nami nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Rafiki yangu wa Nairobi, ambaye ndiye aliyenishawishi nije, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia: buda, huyu simba ni wa kwetu.

Nilikuwa nimetoka Burat jana yake kabla jua halijachomoza, nyuma ya boda hadi Isiolo mjini, kisha matatu ya Nanyuki, kisha nyingine ya Nyahururu, nyingine ya Gilgil, na ya mwisho hadi Naivasha. Siku nzima ya kukunja magoti. Nia yangu ilikuwa ndogo tu: kuiona Hell's Gate, lile korongo ambalo nusu ya rika langu wamepigia picha, kuendesha baiskeli katikati ya punda milia, na kujaribu kukwea mwamba. Sikuja kutafuta historia. Historia tuliachana rasmi nikiwa mwaka wa pili chuoni, ikaenda pamoja na karo. Lakini unasafiri mbali hivyo, unafika na baiskeli ya kukodisha yenye breki moja, na jina la kwanza unalokutana nalo ni la mnyama aliyelelewa mtaa wa pili kutoka kwenu.

Kwa wasiomjua, Elsa alikuwa simba jike. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori wa mkoa wa mpaka wa kaskazini enzi za mkoloni, na makao yake yalikuwa Isiolo. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo kabisa akabaki na George na mkewe Joy, wakamwita Elsa. Alizunguka nyumbani kama paka, alipanda gari, na waliwahi hata kumpeleka pwani akaogelea baharini. Joy aliandika kitabu, Born Free, kilichotoka 1960, na filamu ikafuata 1966. Elsa mwenyewe alikufa 1961, na kaburi lake liko mbuga ya Meru. Joy akaja kuishi kando ya Ziwa Naivasha, katika nyumba iitwayo Elsamere, si mbali na lango hili. Kisha Januari 1980 akauawa Shaba, huku kwetu Isiolo. Habari za kwanza zilisema ni simba. Baadaye ikabainika ni binadamu.

Nyanya yangu hakijui kitabu hicho. Yeye anawakumbuka watu wa gemu. Kwa Isiolo ya utotoni mwake, watu wa gemu ndio waliokuja na Land Rover kuangalia ndani ya sufuria yako kuna nini. Nyama ya swala ilikuwa kesi. Na hili hapa linanikera kila nikilikumbuka: miaka hiyohiyo ambayo Elsa alikuwa akipelekwa pwani kupunga upepo, kaskazini nzima ilikuwa imefungwa. Sheria ya 1902 ya wilaya za mbali ndiyo ilianza, nyingine ya 1934 ikakaza: mgeni haingii bila kibali, mwenyeji hatoki bila kibali. Dada zake Elsa walifika Ulaya. Wazee wetu walihitaji karatasi ili wafike Nanyuki.

Basi nikalipa kwa simu, nikaingia kwenye lango la simba wetu.

Ukishapita langoni, njia inateremka uwandani na majabali yanakuja pande zote mbili, ya rangi ya udongo uliochomwa, yamesimama wima kama mtu aliyachonga kwa shoka. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, bila gari, bila kufungiwa nyuma ya kioo. Ngiri wanakutazama bila haraka. Swala tomi wanatikisa mikia. Nyati wako mbali, na unaomba wabaki hukohuko.

Hapo karibu kuna kitu kinachosimama peke yake katikati ya uwanda: nguzo ya mawe, kama mita 25 kwenda juu. Ni koo la volkano. Lava iliganda ndani ya mlima, mlima wenyewe ukamomonyoka miaka na miaka, likabaki koo lililosimama bila mwili. Ramani inaiita Fischer's Tower. Chini yake pimbi wanaota jua, na vijana wenye kamba na helmeti wanakungoja.

Nilipanda. Nisiseme mengi, kwa sababu nilifika nusu. Kijana aliyenifunga mkanda kiunoni aliniambia nisukume kwa miguu, nisivute kwa mikono, na mimi kwa hofu nikafanya kinyume kabisa. Mikono ikaisha nguvu kabla ya mwamba kuisha. Nikaning'inia pale, shavu limegusa jiwe lenye joto, huku rafiki yangu akinirekodi kwa simu na kucheka. Jambo moja unalipata ukiwa umening'inia hivyo ni kwamba mwamba hauna jina. Una nyufa, una kingo, una mahali pa kidole. Majina yako chini, kwenye mabango.

Nilipoteremshwa, kijana yule alitusimulia, kama anavyowasimulia wageni wote nadhani, kwamba Fischer alikuwa mzungu aliyeuawa na Wamasai papa hapa. Ni hadithi tamu, na nimewahi kuisoma sehemu zingine pia. Tatizo ni moja: Fischer alifia Berlin.

Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyekaa Zanzibar miaka kadhaa. Mwishoni mwa 1882 alitoka Pangani na msafara kuelekea bara, na 1883 akafika Naivasha. Njiani alikuwa ameshagombana na Wamasai, damu imemwagika, na hapa ndipo safari yake ikafika kikomo. Akageuza. Alirudi tena Afrika Mashariki kwa safari nyingine, akaugua, akafa nyumbani kwao Novemba 1886. Yaani jiwe hili limepewa jina la mtu aliyeshindwa kupita. Sijui kwa nini hilo linanifurahisha, labda kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeshindwa dakika tano zilizopita, kwenye jiwe hilohilo.

Mwaka huohuo wa 1883, nyuma ya Fischer, alikuja Mskoti, Joseph Thomson, aliyetumwa na Royal Geographical Society ya London. Alikuwa na miaka 25. Aliondoka Mombasa mwezi Machi, lakini habari za vita vya Fischer zilikuwa zimewachemsha Wamasai kiasi kwamba ilimbidi arudi Mombasa kujipanga upya. Mara ya pili akapita. Alipita kwa ujanja. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayatoa na kuyarudisha mbele ya watu ili aonekane laibon wa kizungu. Na alikuwa na Eno. Ndiyo, Eno ileile unayonunua dukani ukishavimbiwa. Aliimimina majini, ikatoa povu, akaiita dawa.

Jina la Thomson nimelipita mara mbili katika safari hii bila hata kumtafuta. Nyahururu, nilipobadilisha matatu, iliitwa Thomson's Falls, na mpaka leo vijana wa huko wanayaita maporomoko yale T-Falls. Swala aliyekuwa akinitikisia mkia pale uwandani ni swala tomi, na huyo Tomi ni yeye. Mtu mmoja, safari moja, na amebaki ndani ya maji na ndani ya mnyama.

Lakini tulia hapo kidogo. Thomson hakupita peke yake, wala Fischer. Aliyemsaidia Thomson kuvuka ardhi ya Wamasai alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, Jumbe Kimemeta. Mskoti yule aliuunganisha msafara wake na wa Kimemeta kwa sababu Kimemeta alikuwa tayari anaijua njia. Alijua visima. Alijua nani ni mkubwa wapi, na wa kuanza kusalimiwa ni nani. Miaka minne baadaye alikuwa tena njiani, safari hii na Teleki, yule Mhungaria aliyefika Machi 1888 kwenye ziwa la kaskazini na kulipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Leo tunaliita Turkana, na watu wa Burat wengi tu wana ndugu huko.

Nyuma ya Kimemeta walikuwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30: shanga, vitambaa, mizunguko ya senyenge. Vilikuwa vya nini? Vya hongo. Leo ukisema hongo Kenya, unamaanisha trafiki na noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Zamani za misafara neno lilikuwa na heshima zake. Hongo ilikuwa ada ya kupita: unaingia ardhi ya mtu, unamlipa mwenye ardhi, anakuruhusu. Aliyetaka kupita Naivasha alilipa hongo kwa Wamasai, tena walichagua wenyewe shanga za rangi gani, na ukileta rangi iliyopitwa na wakati unarudishwa nayo.

Mimi asubuhi ile nilikuwa nimelipa pia, kwa simu, kwa serikali. Niliiangalia ile risiti kwenye skrini nikajiuliza ni lini mpokeaji alibadilika.

Kiswahili hiki ninachoandika kilipanda bara kwa miguu ya watu wa Kimemeta. Kilibebwa pamoja na shanga. Hakikuja na Fischer, hakikuja na Thomson. Mpaka leo sijakuta mwamba, maporomoko, swala wala kibanda cha choo kiitwacho Kimemeta.

Tuliendelea kuendesha. Barabara ina vumbi laini kama unga, linaingia mpaka ndani ya soksi. Wakweaji wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoanza 1949, wamekuwa wakiyapanda majabali haya kwa miongo, na kila njia waliyoifungua kwenye jiwe waliipa jina lake. Tai huzalia humohumo kwenye kingo za juu. Vilevile inasemekana waliochora The Lion King ya 1994 walipita hapa kutafuta sura ya nchi, na kipande cha filamu moja ya Lara Croft kilipigwa hapa. Hayo utayasikia kwa kila mtembeza wageni, kwa hiyo tuyaache.

Wetu tulimpata kule mwisho wa uwanda, kwenye kituo cha askari wa mbuga ambapo korongo lenyewe linaanza. Alikuwa dada wa Kimasai wa umri wetu, kofia ya besiboli, viatu vya akala, simu mbili. Nilimuuliza kuhusu mnara. Akasema kwao ile nguzo ni msichana. Alikuwa anapelekwa kuolewa, akaonywa asigeuke kutazama nyumbani kwao. Akageuka. Ndiyo huyo pale.

"Na Fischer?" nikamuuliza.

"Fischer alikuja kumkuta," akasema, na kukohoa vumbi.

Kuna kipande cha historia kati ya msichana na sisi ambacho hakina bango. Mwaka 1904 Wamasai wa eneo la Naivasha waliwekeana mkataba na Waingereza. Reli ilikuwa imeshapita, walowezi walitaka bonde lenye maji na nyasi, na Wamasai wakahamishwa, sehemu yao wakapelekwa Laikipia. Mkataba ule uliahidi kwamba makao hayo mapya yatakuwa yao maadamu Wamasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, wakatolewa Laikipia nako, wakasukumwa kusini. Walienda mahakamani, na 1913 wakashindwa, kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya dola na dola, hivyo mahakama ya koloni haiwezi kuusikiliza. Fikiria hoja hiyo vizuri. Ulipotaka kuichukua ardhi, hawakuwa dola. Walipotaka kuidai, wakawa dola ghafla.

Laibon aliyetia alama kwenye mkataba wa kwanza ni Olonana. Ukiwa Burat asubuhi, mawingu hayajapanda, Mlima Kenya unauona vizuri, na kimojawapo cha vilele vyake kinaitwa Lenana. Ni yeye. Mwingereza Mackinder alivipa vilele vile majina ya Kimasai mwaka 1899, miaka mitano kabla ya mkataba. Kwa hiyo nikisema majina yote ni ya wageni nitakuwa nadanganya. Wakati mwingine wenyeji hupewa jina kwanza, halafu ardhi ndiyo inachukuliwa.

Mbuga yenyewe ni changa kuliko nilivyodhani: ilitangazwa 1984, kilomita za mraba 68 na kidogo. Na kabla ya mbuga kulikuwa na stima. Watu walianza kutoboa ardhi ya Olkaria kutafuta mvuke miaka ya 1950, na 1981 kituo cha kwanza kikaanza kuzalisha umeme. Ukipinda kona fulani mandhari ya filamu inakatika: mabomba ya fedha yanakimbia juu ya vilima, yamepindwa kwenda juu sehemu fulani kama milango ili wanyama wapite chini, na mvuke unavuma kama matatu mia zimewashwa pamoja. Nilidhani nitakasirika. Sikukasirika. Takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, na simu iliyokuwa ikipiga picha ilichajiwa na mvuke huo. Kwa nyanya bado ni taa ya sola, lakini hilo ni lingine.

Dada alituonyesha kwa kidole mahali vijiji vilipokuwa. Mwaka 2014, kituo cha nne cha Olkaria kilipokuwa kinakamilika, vijiji vinne vya Wamasai vilihamishwa kupisha mradi. Wakajengewa nyumba za mawe mahali panapoitwa RAPland. Nilidhani ni neno la Kimasai nimelisikia vibaya. Sio. RAP ni herufi za kwanza za jina la kiingereza la mpango wa kuhamisha watu. Kijiji kimepewa jina la faili. Wenyeji walilalamika mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ukafanyika usuluhishi, mambo kadhaa yakarekebishwa. "Nyumba ni nzuri," dada alisema. "Ng'ombe ndio hawasomi ramani."

Tukafika ukingoni mwa korongo. Jina lake ni Ol Njorowa. Hilo ndilo jina lililokuwapo kabla ya jahanamu.

Sitalieleza vizuri. Uwanda unapasuka tu, miguuni pako, na chini kuna mtaro mwembamba wenye kuta zilizolainishwa kama mdomo wa mtungi. Takriban miaka 9,000 iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mno kuliko la leo, likafurika kuelekea kusini, na maji yakalichimba korongo hili. Kwenye kuta kuna mahali maji ya moto yanachuruzika kutoka ndani ya jiwe, mvuke unapanda polepole. Hapa na pale linang'aa jiwe jeusi la kioo, lile ambalo watu wa kale wa Naivasha walilichonga visu. Kusema kweli nilitamani kushuka kuliko nilivyotamani kitu chochote siku hiyo.

Dada alisimama, akatazama juu. Jua lilikuwa linawaka. Juu yetu hapakuwa na kitu. Lakini mbali, upande wa juu wa vilima, kulikuwa na wingu moja jeusi limejikunja kama mbwa aliyelala.

"Leo hatushuki," akasema.

Rafiki yangu alilalamika. Tumesafiri, tumelipa, ona jua lilivyo. Akasema tutashuka haraka, nusu saa tu. Dada hakubishana. Alikaa juu ya jiwe, akafungua chupa ya maji, akaanza kujibu meseji.

Mimi nilikuwa nimeshageuza baiskeli. Wingu lile nilikuwa nalijua.

Kwetu tunazo laga. Laga ni mto usio na maji, ni njia ya mchanga tu, pana, safi, watoto wanachezea mpira, mbuzi wanalala, watu wanachota mchanga wa kujengea. Unaweza kukaa miezi bila kukumbuka kwamba ni mto. Kisha mvua inanyesha Nyambene, au kwenye mteremko wa Mlima Kenya, na wewe uko Burat umevaa shati tu, anga ni ya buluu, na maji yanakuja. Hayaji kama mto unaopanda. Yanakuja kama ukuta, yamebeba magogo na mawe, na sauti yake unaisikia kwa miguu kabla ya kuisikia kwa masikio. Mtoto wa Burat anafundishwa hili kabla ya kuhesabu: usiangalie mbingu ya kwako, angalia ya huko juu. Mchanga ukianza kutoa baridi, panda. Usikimbie kufuata laga, panda kando. Usirudi kuchukua kiatu.

Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa ndani ya Ol Njorowa maji yalipokuja. Saba walikufa. Septemba 2019 maji yalikuja tena, na watu saba wakafa, mmoja wao mtembeza wageni. Baada ya hapo korongo likafungwa.

Niliitazama habari ya 2019 nikiwa bado chuoni, kwenye simu, kama habari yoyote ile, nikasogeza kidole. Pale ukingoni nikaipima kwa macho. Kuta zile huwezi kuzipanda, hata ukiwa na kamba na kijana wa kukuambia sukuma kwa miguu. Ukishasikia, umeshachelewa. Na nikawaza kuhusu vijana wale wa kanisa, wa umri wetu, wengi wao labda mara yao ya kwanza, waliokuwa wamesoma bango la langoni, wakapewa jina la simba, jina la Mjerumani, jina la jahanamu. Katika majina yote hayo hakuna hata moja linalosema maji.

Tulikaa na dada pale kama saa moja. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Isiolo, Burat. Akauliza: "Kwenu mnayo mbuga?"

Nikamwambia tunazo hifadhi za jamii. Leparua iko wadi yetu. Nikamweleza pia ya Januari 2025, mahakama ya ardhi na mazingira ilipoamua kwamba hifadhi mbili za kaunti yetu, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, kesi iliyoletwa na wenyeji wenyewe waliosema hawakuulizwa. Nikamweleza kuhusu Kipsing, magharibi ya mji wetu, ambako tangu nikiwa shule ya msingi tunaambiwa utajengwa mji wa kitalii, na makaratasi yake yapo, na kila uchaguzi unafufuka. Sio kwamba nazipinga hifadhi zote. Kuna jamaa yangu anakula kwa kazi ya ulinzi wa hifadhi, na ndovu wamebaki kwa sababu kuna watu wanalala porini kuwalinda. Ni vile tu nilikuwa nimeshaona siku hiyo jinsi ramani inavyoandikwa, na nani huulizwa jina la nini.

"Wakija na ramani," dada akasema, "waambie mahali maji yanapita. Hicho ndicho cha kwanza. Sisi tuliulizwa ng'ombe ni wangapi."

Saa tisa hivi wingu lile lilikuwa limeinuka na kupasuka vipande. Hakukunyesha, angalau si mahali tulipoweza kuona. Rafiki yangu alinitazama kwa jicho la unaona sasa. Korongoni hakukuja kitu. Mchanga ulikaa chini pale, mkavu, mzuri. Tukaendesha kurudi dhidi ya upepo, kilomita zote zile, bila kusemeshana, mpaka kwa msichana aliyegeuka. Pimbi walikuwa bado pale. Kijana wa kamba akaniuliza kama nataka kujaribu tena, nusu bei. Nikajaribu. Nilizidisha kama mita mbili juu ya pale nilipokwama asubuhi.

Burat nilifika siku ya pili usiku. Nyanya alikuwa macho, amewasha redio. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaishika mbali na uso kama anavyofanya. Mnara haukumshangaza. Mabomba aliuliza kama yanauma ukiyagusa. Nikamwambia kuhusu Elsa na lango, akacheka mpaka akashika ubavu: kumbe wale watu wa gemu walifika na huko.

Picha ya korongo aliitazama muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili nilivyomfundisha. Akaniuliza alama ya maji ukutani inafika wapi. Nikamwonyesha. Akaniuliza kama wenyewe walikuwa bado wanakaa karibu, wale wanaolijua. Nikamwambia wamehamishwa, lakini binti yao mmoja ndiye aliyetukataza kushuka. Akaitikia kwa kichwa.

"Na yakishatoka humo," akauliza, "yanaenda kwa nani?"

Nilikuwa nimeuliza urefu wa mnara, mwaka wa mbuga, ukubwa wake, megawati. Hilo sikuwa nimeuliza.